Kadi ya Tuhfa

Aliyeniambia kwamba watu wa darasa la saba hawapewi cheti cha kupiga dawa ni Tuhfa, na nilimwamini kwa sababu aliniambia huku analia.

Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha duka lake pale Chumbageni, mtandio umemdondoka mabegani, simu iko mapajani.

"Wamekukataa, Ima," alisema. "Wanataka kidato cha nne. Nimewabembeleza mpaka sauti imenikauka. Na ada wakishaipokea hawairudishi, ndiyo sheria yao."

Nikakaa karibu naye. Aliyekataliwa ni mimi, lakini nikajikuta mimi ndiye ninayembembeleza yeye. Nikamshika bega nikamwambia, "Basi dada, usilie. Siyo wewe uliyenikatisha shule."

Ada ile ilikuwa mabati ya baba yangu. Sisi ni watu wa kambini. Babu alikuja kutoka Songea enzi za manamba kukata mkonge, baba akazaliwa kambini, naye akakata mkonge mpaka mgongo ukakataa. Nyumba anayoishi ni ile ile ya kambi, na paa lake limekuwa chujio. Nilikuwa nikimwekea akiba ya mabati kidogo kidogo. Ilipotangazwa habari ya cheti nikaenda kumwambia, baba, niazime pesa yako niilipie ada, nikishapata cheti itarudi haraka. Akacheka. Akasema, "Mvua ya hapa naijua kwa jina. Itanisubiri." Nikampa Tuhfa pesa mkononi alipe ada yangu pamoja na yake, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na simu kubwa na ndiye aliyejua kujaza mambo ya serikali.

Tuhfa ni Mpemba, ameolewa Tanga. Duka lake ni la pembejeo: mbegu, dawa za mahindi, sumu ya panya, dawa za kunguni na mende. Mimi nilikuwa nafanya usafi kwenye nyumba na maduka ya watu, Usagara ninakopanga na huku Chumbageni, na kwake nilikuwa nadeki kila asubuhi. Wateja walikuwa wananunua dawa ya kunguni halafu wanabaki wamesimama mlangoni na chupa yao. "Sasa nani atanipigia?" Siku moja nikaegemeza dekio ukutani nikasema, "Mimi."

Tuhfa alicheka, akashusha bomba la mgongoni kutoka juu ya rafu, akalipangusa vumbi kwa upindo wa dera. "Haya Mngoni," akasema, "mkuki wako huu hapa."

Tulijifunza pamoja. Tulikuwa tunasoma lebo kwa sauti, yeye mstari mmoja, mimi mstari mmoja, kama watoto wa chuo cha Kurani: dawa kiasi gani kwa maji kiasi gani, dawa ikikuingia machoni ufanye nini, ile rangi iliyopakwa chini ya lebo ina maana gani. Nyekundu usiingie nayo ndani ya nyumba ya mtu hata akikubusu miguu. Akichelewa kusoma neno namsubiri, nikichelewa mimi ananitania. Mtu mzima nilikuwa, lakini niseme kweli, tangu niache shule hakuna aliyekuwa amekaa na mimi juu ya maandishi kiasi kile.

Kilichotupa jina mjini ni nyumba za eda. Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Haendi kulala kwa jirani, na mwanamume asiye mahramu wake haingii alipo. Sasa kunguni hawajui eda. Msiba unaleta wageni, wageni wanaleta mikeka na magodoro ya kuazima, na arobaini ikipita nyumba nzima inajikuna. Fundi mwanamume hawezi kuingia, na mfiwa hawezi kutoka mpaka dawa ikauke. Nyumba nyingine unawaambia wenyewe waende kwa shangazi yao warudi jioni. Nyumba ya eda hupigwa chumba kwa chumba. Mfiwa namkalisha chumba cha mbali, upande unaotokea upepo, na chini ya mlango wake nabana kanga iliyoloa. Napiga kwingine, nafungua madirisha, nangoja mpaka mbao za kitanda zikauke na harufu iishe. Ndipo namhamisha, nageukia chumba alichotoka. Kazi ya asubuhi moja inakula siku nzima, na ukiharakisha unamdhuru mtu. Tuhfa alikuwa anaingia kwanza, anatoa salamu, anamsomea dua marehemu, kisha ananiachia. Kungoja kulikuwa kunamshinda. "Ima," alikuwa akisema, "weye Mungu alitaka kukuumba chaza, akaghairi."

Halafu watu wa mamlaka inayosimamia dawa za wadudu wakawaita wenye maduka ya pembejeo kwenye mkutano. Wakawaambia kuanzia sasa anayepiga dawa kwa malipo lazima afundishwe, afanye mtihani na apewe kadi, na kila kimoja kina ada yake. Na duka linalotaka leseni ya kazi hiyo liwe na watu wawili wenye vyeti. Tuhfa alirudi mkutanoni mbio mbio na baibui lake. "Wawili, Ima. Mie na weye. Mungu katupanga kabla ya serikali."

Haukupita muda akanililia pale kizingitini.

Kwenye mafunzo, huko Muheza, alikwenda yeye, na mdogo wake Masoud akamsindikiza, maana mumewe Tuhfa hakutaka mkewe alale ugenini peke yake. Masoud alikuwa ndiyo kwanza ameletwa na mama yao kutoka Pemba. Amemaliza kidato cha nne, hana kazi, na kuchuma karafuu kulimshinda kwa sababu juu ya mti anashikwa na kizunguzungu. Kijana mpole. Aliniita dada Ima, na kila akienda kununua viazi vya karai alininunulia na mimi bila kuagizwa. Mimi ndiye niliyewafungia mkate wa ufuta wa njiani. Nikabaki na duka.

Waliporudi, leseni ikatundikwa ukutani ndani ya fremu. Tuhfa akawa na kadi yenye picha yake, anaivaa shingoni. Masoud akaanza kufuatana nami kazini. Ananishushia bomba kwenye bajaji, kisha anakaa barazani na simu yake mpaka nimalize. Nilidhani amewekwa kupokea malipo. Mteja akiuliza habari ya leseni, Tuhfa anajibu, "Tunayo, tumesomea." Mimi nimesimama pembeni na ndoo yangu, nanyamaza, nikiamini mwenye cheti ni Tuhfa peke yake, na jina la wa pili la kuombea leseni walilipata huko huko kwa njia zao. Sikuuliza. Mtu aliyeambiwa elimu yake haitoshi haulizi sana, anaogopa asirudishiwe jibu lile lile mbele ya watu.

Kisha Tuhfa akapata ujauzito. Mjamzito hakai karibu na dawa, kwa hiyo kuchanganya na kupiga vyote vikawa vyangu.

Msimu wa kupulizia mikorosho akaja dukani Shaib. Huyu anatoka Moa, kule mpakani, anapulizia mikorosho ya watu, na hununua kwetu dawa ya ubwiri, ule ukungu wa mikorosho. Ni mtu wa mzaha, ukimwona tu unaanza kucheka kabla hajasema. Tuhfa alikuwa ameenda kliniki, Masoud ameenda kula.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Kliniki, kaka Shaib."

"Na mwanafunzi mwenzangu?"

"Mwanafunzi gani?"

"Masoud. Tulikaa dawati moja Muheza. Mwalimu anaeleza jinsi sumu inavyoua, yeye ameshakufa, anakoroma. Nimempiga kiwiko wiki nzima mpaka kiwiko kimeota sugu."

Nilicheka kwanza. Halafu nikasema, "Masoud alimsindikiza dada yake tu."

"Alimsindikiza mpaka ndani ya mtihani? Basi na mimi kanisindikiza, maana alikuwa anachungulia karatasi yangu." Akatoa kadi yake ndani ya shati akaninyooshea. "Picha tulipigwa siku moja. Yeye katoka bwana harusi, mimi nimetoka kama mtu aliyekamatwa na kuku wa watu."

Nikaitazama ile kadi. Nikamuuliza, "Wewe ulisoma mpaka wapi?"

"Unataka kuniposa? La saba. Na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu."

"Na walikupokea?"

"Wanikatae kwa lipi? Wanataka ujue kusoma lebo na kupima kifuniko. Ukishalipa ada yao kidato hawakuulizi. Mle ndani kulikuwa na mzee mmoja wa Mkinga hata hilo la saba alilisikia kwa jirani."

Nikampimia dawa yake, nikamfungia, nikamrudishia chenji. Alipoondoka nikachukua dekio, nikadeki duka ambalo nilikuwa nimeshalideki asubuhi.

Sikumwambia Tuhfa kitu. Nilisema moyoni, labda kuna jambo. Labda alishikwa pabaya, labda anatafuta pa kuanzia, na mtu anayetafuta pa kuanzia ukimkurupua anatoa uongo mwingine. Nilitaka aniambie mwenyewe. Nikawa namtazama anavyoongea na wateja, anavyonipakulia chakula, anavyoniita mdogo wangu, natafuta mahali uongo ulipojificha. Sikupaona. Hilo ndilo lililonitisha. Nilidhani mtu akikufanyia jambo kama lile mkono wake utakuwa mzito kidogo akikupa sahani.

Siku moja tulikuwa uani kwake, anachagua mchele, Masoud yuko pembeni. Nikamfungulia mlango wa kukiri.

"Dada, nasikia watafundisha tena mwaka huu. Nijaribu?"

Vidole vyake havikusimama. Aliendelea kutenga chenga na mawe. "Usijitie aibu, mdogo wangu. Utasimama mbele za watu waulize kidato, utajibu nini? Na ada nyingine ipotee? Mie nakuonea uchungu."

"Labda wamebadilisha."

"Hawajabadilisha. N'shauliza."

Nikamwangalia Masoud. Alikuwa ameikazia macho simu yake, na simu yenyewe ilikuwa imezima.

Mara ya kwanza Tuhfa alilia. Mara hii alichagua mchele.

Tumbo la Tuhfa lilipokuwa kubwa, akapiga simu dukani dada mmoja anaitwa Wanu, Tuhfa akaiweka simu kwenye spika. Baba yake alikuwa amefariki, mama yake Bi Asmahani yuko edani, hapo hapo Chumbageni, na kunguni wamewashinda. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Atakayeingia kwa mama nataka awe na kadi," alisema. "Kuna nyumba huku nyuma walimwita mtu wa mtaani akapiga dawa asiyoijua, mtoto akalazwa. Mama yangu hatoki. Kadi nitaiona kabla mtu hajavuka mlango."

"Ondoa shaka, dada," Tuhfa akamjibu, akaigusa ile ya shingoni mwake. "Tumesomea."

Wanu alipokata simu, Tuhfa akaivua kadi, akanivisha mimi. Akaiweka sawa kifuani kwangu kama mtu anayemvisha bibi harusi kidani.

"Ukivaa barakoa yanabaki macho tu. Picha yenyewe ndogo. Nani atajua?"

"Na wakiniuliza jina?"

"Weye Tuhfa. Siku moja tu hiyo. Nikishajifungua nitaingia mwenyewe."

"Na Masoud?" nikauliza.

Akanitazama. Nilimwona anapima nimeuliza nini. "Masoud kafanya nini? Nyumba ya eda ile, ataingia vipi?"

"Nimeuliza tu, dada."

Ule ulikuwa mlango wa pili, na niliuacha wazi kabisa. Akapita kando yake, akaenda kufunga dirisha.

Tulikwenda kwa bajaji, mimi na Masoud na bomba katikati yetu. Njiani akasema, "Dada Ima, usijali, itakwisha salama." Nikalishika bomba lisiyumbe. Tulipofika akabaki barazani kama siku zote. Wanu akaishika ile kadi, akaitazama, akanitazama macho yangu juu ya barakoa, akanipisha.

Bi Asmahani alikuwa amekaa mkekani chumba cha ndani, amejitanda nguo nyeupe, miguu ameinyoosha. Mwanamke mnene, mchangamfu, msiba ulikuwa umemkaa vibaya kama nguo ya kuazima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Tuhfa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nikaanza kumweleza: nitaanzia vyumba vya mbele, yeye atakaa humu, mlango nitauziba kwa kanga iliyoloa, asifungue mpaka nimgongee, nikimaliza kule tutabadilishana. Alisikiliza vizuri, ananiangalia mikono.

"Kwa hiyo mie nimo humu humu, na sumu imo humu humu."

"Ndiyo, bibi. Ila hamtakutana."

Akacheka kidogo. "Marehemu alikuwa hanifungii mlango hata tukigombana. Leo nafungiwa na mtu nisiyemjua uso." Akanyoosha kidole kwenye barakoa. "Vua hicho kidudu, nimwone ninayempa roho yangu."

Nikavua. Akaikamata kadi iliyokuwa inaning'inia kifuani kwangu, akaisogeza karibu, akaipeleka mbali, akakunja macho. Kisha akaiachia, akanipapasa shavu.

"Macho yangu yamekwisha," akasema. "Lakini sura yako ya mtu mwema. Haya, fanya kazi yako."

Ilikuwa imeshapita. Nilichotakiwa ni kuvaa barakoa tu. Ningempigia dawa vizuri, jioni angenishukuru, na Tuhfa angenipakulia chakula. Lakini ule mkono kwenye shavu niliujua. Nami niliwahi kumpa mtu kila kitu changu kwa sababu ya sura yake.

"Bibi," nikasema, "mimi siitwi Tuhfa. Naitwa Imakulata. Kadi hii ni ya mwenye duka. Nyumba za eda zote za duka lile nimezipiga mimi, hakuna aliyedhurika. Lakini kadi sina."

Aliitazama tena kadi kifuani kwangu. Halafu akaita, "Wanu."

Wanu alikuja, akasikia. Alitoka moja kwa moja barazani, na dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo kila kitu tulikisikia mimi na mama yake.

"Nyinyi watu wa namna gani? Mnamleta mtu na kadi ya mwingine?"

Sauti ya Masoud ikaja polepole, ya upole, ile ile ya viazi vya karai. "Samahani sana, dada. Yule ni mfagiaji wetu tu. Kadi kaichukua dukani bila ruhusa. Mie nilijua analeta vifaa. Mwenye cheti ni mie, hii hapa yangu."

Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nikajua kadi yake hutembea nayo. Siku zote alizokaa barazani, mimi ndani na bomba mgongoni, ilikuwa mfukoni mwake.

Bi Asmahani akanigeukia. "Huyo nani?"

"Niliyekuja naye."

"Hutoki ukamjibu?"

"Nikimjibu, bibi, zitakuwa kelele kwenye nyumba ya msiba."

Akatikisa kichwa kwa muda, kama anayehesabu jambo ambalo halina hesabu. "Kunguni nitawavumilia, mwanangu. Wamenila tangu marehemu yuko hai. Sumu ya mtu asiye na ruhusa siivumilii, hata akiwa mkweli. Nenda. Usinichukie."

"Sikuchukii, bibi. Umefanya sawa."

"Hebu rudia hilo jina."

"Imakulata."

"Gumu," akasema. "Lakini nimelishika."

Nilipotoka, Masoud na bajaji na bomba walikuwa wameshaondoka. Nikatembea na ovaroli yangu na mabuti yangu mtaa mzima, adhuhuri, watu wanauliza kwa macho ni nyumba gani leo ina kunguni. Dukani nikamkuta Tuhfa amesimama, mkono mmoja kiunoni, Masoud nyuma yake.

"Umeniharibia, Ima. Yule dada kanipigia simu kanitukana. Ulishindwa nini kunyamaza?"

Nikavua kadi, nikaiweka juu ya kioo cha kaunta.

"Shaib wa Moa ana darasa la saba," nikasema.

Tuhfa akatafuta kiti kwa mkono bila kukitazama, akakaa. Kwa muda alikuwa anaiangalia ile kadi, picha yake inamwangalia yeye.

"Alikwambia lini?"

"Msimu wa mikorosho."

"Na siku zote hizo unajua, unakula nami?"

"Nilikuwa nakungoja."

"Basi na weye mnafiki," akasema, na nikaona ameipata nafuu, amepata pa kukasirikia. "Ungenambia. Mtu muungwana angenambia."

"Dada Ima," Masoud akaanza, "pale barazani niliogopa tu…"

"Nyamaza wewe," Tuhfa akamwambia. Akanigeukia. "Masoud ndugu yangu. Mama kanitupia, hana kazi, hata mkarafuu unamshinda kuupanda. Ningemjibu nini mama? Leseni inataka wawili."

"Wawili walikuwa mimi na wewe. Ulisema Mungu katupanga."

"Na ungekaa?" Sauti yake ikapanda, ikakatika. "Niambie, Ima, ungekaa? Wateja wote wanakutaja weye. Yule wa eda, yule mpole, yule anayengoja. Hakuna anayenitaja mie. Ungepata kadi ungenunua bomba lako, ungeniacha na rafu hizi. Mie nilikuwa nakuhitaji."

Katika yote aliyosema, hilo niliamini, na ndilo lililoniuma kuliko lote. Maana wazo la kumwacha sikuwahi kuwa nalo. Alilizaa yeye, akalilea yeye, halafu adhabu yake akanipa mimi. Akanishika kwa kitu ambacho nilikuwa nakionea aibu, na alikijua kwa sababu nilimwambia mwenyewe, tukiwa tumekaa juu ya lebo zetu, mstari wake, mstari wangu.

Nilikwenda uani nikasuuza bomba kama tulivyokuwa tunafanya siku zote, ingawa siku hiyo halikupiga kitu, nikalipindua likauke. Ovaroli ilikuwa yake, nikaivua nikaitundika. Mabuti yalikuwa yangu. Nikaondoka nayo.

Jioni Masoud akanifuata Usagara na ada yangu ndani ya bahasha. Alitaka kusema kitu mlangoni. Nikapokea, nikafunga mlango. Wako watakaosema ningekataa. Yalikuwa mabati ya baba, sikuwa na haki ya kuyafanyia maringo.

Nikampelekea baba kambini. Mvua ilikuwa inanyesha, kaweka sufuria chini ya tundu moja na beseni chini ya jingine. Nikamweleza yote. Akasukuma beseni kwa mguu, maana tone lilikuwa limehama.

"Yule Mpemba aliyekuja hapa akala magimbi?"

"Yeye."

"Alikula vizuri," baba akasema. Kisha akanirudishia bahasha. "Peleka ulikotaka kuipeleka tangu mwanzo. Ila safari hii peleka kwa mkono wako."

Nikarudi kwenye usafi wa nyumba za watu, nikangoja mafunzo yatangazwe. Yalipotangazwa nikaenda kujiandikisha mapema kabla ya mstari kuwa mrefu. Usiku kucha nilikuwa nimepanga maneno: kwamba kazi naijua, kwamba lebo nasoma, kwamba waniulize chochote. Mezani alikuwapo dada mmoja kijana, anaandika haraka haraka bila kuinua macho.

"Jina?"

"Imakulata Kristofa."

"Unaishi?"

"Usagara."

"Elimu?"

Nikaitazama kalamu yake. "Darasa la saba."

Nikangoja. Nilikuwa nimejiandaa aache kuandika, anitazame, aite mtu wa chumba cha pili. Hakuinua hata kichwa. Akaandika, akageuza ukurasa.

"Namba ya simu?"

Nikamtajia. Akanipa karatasi ya kulipia, akamwita aliyekuwa nyuma yangu. Nikatoka nje, nikasimama kwenye kivuli cha ukuta na ile karatasi mkononi. Nilipaswa kufurahi, na kufurahi kulikuja baadaye. Lakini pale ukutani nilikuwa natamani yule dada angeinua kichwa. Angesita hata kidogo tu, angeguna, angesema ngoja niulize. Uongo wa Tuhfa ungekuwa na kaukweli ndani yake, na ningepata kitu cha kumsamehe nacho.